Kadi za Kijani na Kadi Nyeupe

Mmeniomba, ninyi mliobaki pale ofisini Maili Moja, Kibaha, niwaandikie mambo machache kabla hamjaanza kuwafundisha walimu na manesi kwa ile programu mpya ya simu, ile ya kununua na kuuza hisa za mazoezi. Nimeiona. Mlinionyesha siku ya kuniaga, katikati ya pilau na hotuba. Ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kuwa nacho mimi. Ukibonyeza "uza", simu inalia kidogo na hisa zako zimeshauzwa. Ni huo mlio ulionifanya niandike, vinginevyo ningekaa zangu nyumbani nikapalilia mchicha.

Habari za vyeo sitaziandika. Nilianza nikiwa ofisa elimu kwa wawekezaji na nimestaafu nikiwa ofisa elimu kwa wawekezaji mwandamizi, tofauti yake ikiwa ni kiti chenye magurudumu.

Nilifika Kibaha nikitokea Same, binti wa Kipare mwenye cheti kipya na viatu vilivyobana. Aliyenipokea ni Mzee Shomari, mwenyeji wa Kisarawe, dalali wa hisa wa siku nyingi ambaye alivaa suti moja ya kahawia mpaka alipostaafu. Hakunionyesha choo wala jiko. Aliweka fomu mbili mezani, moja ya kununua hisa na nyingine ya kuuza, akaniuliza ipi ngumu. Nikazikagua mstari kwa mstari, nikamwambia zinafanana.

"Zinafanana kwenye karatasi," akasema. "Hii ya kununua mtu huja kuijaza amechana nywele. Hii ya kuuza huja kuijaza hajalala. Wewe jifunze hii ya pili, mwanangu. Kununua kila mtu atakufundisha."

Kisha akaongeza jambo ambalo niliona ni la kitoto. Alisema mtu hawezi kuuza peke yake, lazima wawe wawili. Nikaitikia ndiyo baba, nikaliandika kwenye daftari, na nikaendelea na maisha yangu kana kwamba nimeandika namba ya simu ya mtu nisiyemjua.

Kazi yangu ilikuwa kuwatoa watu hofu. Kampuni yetu ya udalali wa hisa ilitaka wateja, na watu wa Pwani walikuwa wanaona hisa ni mambo ya Wahindi na mabenki. Nikapewa jukumu la kuzunguka kwenye vikundi vya watumishi na wakulima, Gwata, Msimbu, mpaka Maneromango, ambako barabara yake wakati wa masika humfundisha mtu unyenyekevu. Nikabuni mazoezi. Kila mshiriki alipewa kadi ya kijani na fedha za kuigiza, kiasi sawa kwa wote. Kila wiki mbili nilifika na gazeti lenye bei za hisa, wao wakaniambia wanauza zipi na wananunua zipi, mimi nikaandika kwenye kadi. Baada ya miezi sita, aliyepata faida kubwa kuliko wenzake alipewa zawadi.

Sheria ilikuwa moja na niliipenda kwa sababu ilirahisisha maisha: kila oda inakubaliwa, siku hiyo hiyo, kwa bei ya gazetini. Anayetaka kuuza ameuza. Kwa maneno mengine, katika mazoezi mnunuzi wa kila kitu nilikuwa mimi. Sikuwahi kumkatalia mtu.

Waliovutiwa wakanunua hisa za kweli, na hao niliwafungulia kadi nyeupe. Nikaanza tabia ya kubana kadi mbili za mtu mmoja kwa pini, kijani mbele, nyeupe nyuma, na kuziweka kwenye kopo kubwa la biskuti. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nazitazama mchana ofisi ikiwa kimya, jinsi wengine wanavyotazama picha za harusi za watu.

Mngeziona hizo kadi msingeamini ni za mtu mmoja. Kwenye kijani mtu ana kampuni sita au saba, ametawanya vizuri kama nilivyomfundisha. Kwenye nyeupe ana moja. Kwenye kijani hisa ikishuka wiki mbili mfululizo anaiuza bila kupepesa macho. Kwenye nyeupe imeshuka mwaka mzima na bado ameikumbatia, ukimuuliza anakwambia itarudi tu. Nesi mmoja wa Msimbu, hodari kabisa wa kijani, alikuja siku moja kuuza zote za nyeupe kwa sababu mdogo wake anaoa na yeye ndiye mkubwa wa familia. Nilipogeuza kadi yake ya kijani niliona kwamba kwa miezi sita yote ile ndugu zake hawakuoa, hawakuugua wala hawakufiwa. Kadi ya kijani haina ndugu.

Kuna mfugaji wa Gwata pia, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Kwenye mazoezi alinunua na kuuza kwa fujo mpaka kadi ikaisha nafasi. Kwa fedha zake za kweli akanunua hisa chache mno, zinazotosha tu kumpa mwaliko wa mkutano mkuu wa mwaka, ambako kulikuwa na chakula cha mchana. Nikamuuliza mbona kidogo hivyo.

"Ng'ombe nikimpeleka mnadani asubuhi, jioni nina hela," akanijibu. "Hiki cha kwako mnada wake uko wapi, mama?"

Nikacheka. Nikamwambia mnada wake uko Dar es Salaam na unafunguliwa kila siku ya kazi. Nilikuwa na majibu mazuri siku hizo.

Sasa niwaeleze habari za Mwalimu Pazi, maana ndiyo hasa niliyokuwa naizunguka.

Alikuwa mwalimu wa hesabu, Mzaramo wa Maneromango, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, amebakiza miezi michache kustaafu. Ndiye mwanafunzi pekee aliyewahi kunisahihisha ubaoni hesabu ya gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, akafanya hivyo kwa upole huku akinyoosha mkono kama mtoto wa darasa la tatu. Mkewe, Mama Eliza, alitupikia chai kila tulipokutana kwenye ukumbi wa kanisa, na alikuwa na mazoea ya kuniuliza kama nimekula kabla hata sijamwamkia. Mwalimu akashinda mazoezi. Alishinda kwa mbali. Kilichompandisha ni hisa za kampuni moja ndogo ya vyakula vya mifugo, ambayo sitaitaja. Nyingine tano zilijikongoja tu. Zawadi ilikuwa chupa ya chai, ya lita mbili, nyekundu. Nilimkabidhi mbele ya watu nikasema, na nakumbuka neno kwa neno, "Huyu ndiye mwekezaji wa mfano."

Akastaafu. Alipopata mafao yake akaja Maili Moja amechana nywele. Akaniambia anataka ile ya vyakula vya mifugo, peke yake, kwa karibu fedha yote. Nikamkumbusha habari ya kutawanya.

"Bi Nakijwa," akasema, "nilitawanya. Umeona mwenyewe ipi ilileta chupa nyumbani. Mwanafunzi akishapata jibu hawezi kurudia kukokotoa."

Nilipaswa kumwambia kwamba ile kampuni hisa zake zinauzwa kwa nadra, wakati mwingine wiki nzima hakuna hata moja iliyopata mnunuzi. Nilikuwa najua. Lakini kwenye mazoezi yangu aliziuza na kuzinunua mara nne bila shida yoyote, na mimi ndiye niliyezipokea mara zote nne. Ningeanzia wapi? Nikamjazia fomu. Kadi yake nyeupe ikawa na mstari mmoja, na nikaibana nyuma ya ile ya kijani iliyojaa.

Miaka miwili mambo yakawa shwari. Kisha Mama Eliza akaugua. Walimpeleka hospitali Dar es Salaam, wakamkuta na saratani. Bima ya mwalimu ililipa kitanda, daktari na vipimo vingi, lakini sindano alizoandikiwa hazikuwa kwenye orodha ya bima. Daktari hakuahidi kupona. Alisema zikianza mapema, akiwa bado na nguvu, zitamwongezea muda, pengine muda wa kutosha; akishaishiwa nguvu hazitamfaa tena. Shamba la mikorosho lilikuwa la ukoo na ndugu hawakukubali liguswe. Eliza, binti yao pekee, alishatoa alichokuwa nacho. Zikabaki hisa.

Mwalimu akaja Jumatatu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anavuta kiti.

"Nimekuja kuuza zote," akasema. "Lini nipitie?"

Nikamwambia nitampigia. Akanitazama kidogo, maana alizoea jibu la papo hapo. Nikaingiza oda kwa bei iliyokuwa kwenye ubao wa soko.

Niwaeleze jambo ambalo programu yenu haionyeshi. Bei ya hisa ile ilikaa pale pale wiki nzima, na mtu asiyejua akiitazama anaona utulivu. Haukuwa utulivu. Hisa isiyouzwa haiwezi kubadilika bei, inasimama tu kama saa iliyoisha betri. Mwalimu alikuwa akinipigia kila asubuhi akiniambia kwa furaha kwamba bei haijashuka, na mimi nikimwambia ni kweli haijashuka.

Wiki iliyofuata akaja tena, tukashusha bei. Hakuna mnunuzi. Nilipiga simu kwa madalali wenzangu wote wa mjini ninaowafahamu. Mmoja akaniambia kwa wema kabisa kwamba hiyo kampuni hata yeye anazo za mteja wake zinasubiri tangu mfungo uliopita. Mwalimu akaomba tushushe tena mpaka kiwango cha mwisho soko linachoruhusu kwa siku, na kesho yake tena. Alikuwa ameanza kuja hajanyoa.

Sasa nifike mahali ambapo naona aibu. Mimi nilikuwa na fedha. Nilikuwa najenga hapa Kibaha, kuta zimefika kwenye lenta, na nilikuwa nimeweka akiba ya mbao na bati. Ilitosha kununua hisa zote za mwalimu. Wazo hilo lilinijia ile ile Jumatatu ya kwanza, kabla hajainuka kwenye kiti.

Nikajipa sababu. Ofisini kwetu mfanyakazi hakuruhusiwa kununua hisa za mteja bila kibali cha maandishi, nikasema kibali ni mlolongo mrefu. Nikasema ni kinyume na nilichofundisha, huwezi kuweka akiba yako yote kwenye kampuni moja, tena inayoshuka, kwa kumhurumia mtu. Na kulikuwa na sababu ya tatu ambayo sikujisemea kwa sauti: kila nikitaka kununua nilijua kwamba wiki ijayo atakuwa ameshusha tena, na zitakuwa rahisi zaidi. Hivyo ndivyo akili yangu ilivyofanya kazi kwa wiki mbili na siku kadhaa. Kwenye kadi za kijani nilinunua kwa watu mamia bila kuuliza. Fedha ilipokuwa yangu nikawa mwangalifu.

Wiki ya tatu alikuja Alhamisi, amebeba bahasha ya hospitali. Hakuniuliza kuhusu oda. Aliweka bahasha mezani akaielekeza kwangu, kama mzazi anayemwonyesha mwalimu ripoti ya mtoto.

"Wamesema wiki hii ndiyo ya mwisho kuanza," akasema. "Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na kitu. Nieleze tu pale nilipokosea, nipige mstari. Kwenye mazoezi nilikuwa nauza. Nani alikuwa ananunua?"

Nikamwambia, "Mwalimu, naomba nifuatilie leo."

Alipotoka nikaandika barua ya kuomba kibali. Meneja aliisaini kabla chai ya saa kumi haijapoa. Mlolongo mrefu niliokuwa nausema ulikuwa ni ngazi kumi na mbili kwenda ghorofani. Ijumaa asubuhi oda ya mwalimu ikapata mnunuzi, hisa zote, kwa bei ya chini iliyokuwapo. Nikampigia nikamwambia zimeuzwa. Akasema Mungu akubariki, na nikasikia anamwita Eliza.

Lakini hisa zikiuzwa Ijumaa, fedha huingia baada ya siku tatu za kazi. Kwenye mazoezi yangu hilo pia sikuliweka, lilikuwa linachosha kueleza. Jumamosi si siku ya kazi, Jumapili pia. Mwalimu alikwenda kuwaomba hospitali waanze, fedha inakuja Jumatano. Wakamwambia mgonjwa ameshadhoofika, wataangalia. Mama Eliza alifariki Jumatatu alfajiri.

Tulimzika Jumatano, Maneromango. Nilikwenda na basi la watumishi wa kanisa, nikapigania nafasi ya kukaa nyuma ya watu. Baada ya makaburini tukarudi nyumbani kwake, mwalimu akaketi kwenye mkeka pamoja na wazee, mimi nikaketi na kina mama karibu na mlango. Eliza akapita na chai akitumia ile chupa nyekundu. Akanimiminia kikombe, na kwa sauti ya mama yake kabisa akaniuliza kama nimekula.

Ndipo simu ya mwalimu ikalia, mlio mfupi tu wa ujumbe. Siku nzima zilikuwa zinaingia pole. Akaitoa mfukoni, akaisogeza mbali na macho, akashindwa kuisoma. Akaangaza angaza, akaniona, akaniita kwa mkono.

"Nisomee, Bi Nakijwa. Miwani sijui imebaki wapi."

Nikaipokea. Ulikuwa ujumbe wa benki. Nikamsomea sikioni kwamba fedha za hisa zimeingia kwenye akaunti yake, nikaishia hapo, kiasi sikukitaja. Wazee wakainamisha vichwa, kwa kuwa walidhani ni salamu nyingine ya rambirambi.

"Kumbe kweli alipatikana mtu," mwalimu akasema.

"Alipatikana."

"Ni nani?"

"Soko halitaji majina, mwalimu."

Akatikisa kichwa taratibu, akaipokea simu yake. "Ukija kumjua, mwambie nashukuru. Mwambie zingekuja wiki mbili nyuma nilikuwa na pa kuzipeleka."

Nikasema nitamwambia.

Mwalimu mwenyewe tulimzika miaka michache baadaye, na bado nilikuwa sijasema. Mara mbili nilisafiri mpaka Maneromango kwa nia hiyo, nikanywa chai, tukaongea habari za mikorosho, nikarudi.

Baada ya hapo nilibadilisha mazoezi. Nilichukua lile kopo la biskuti nikatia vikaratasi, na kila aliyetaka kuuza ilibidi atumbukize mkono achote kimoja. Vingi viliandikwa "leo hakuna mnunuzi". Vingine viliandikwa "njoo baada ya siku tatu" au "ndugu yako anaumwa, uza nusu". Watu hawakuyapenda. Mahudhurio yalipungua, na meneja mpya akaniambia kwa upole kwamba nawavunja watu moyo. Nilimwambia ndiyo. Kadi nyeupe za waliocheza na kopo zilianza kufanana na kadi zao za kijani, si zote, ila za kutosha kwangu mimi kuendelea kubeba kopo lile kwenye matope. Nilipostaafu niliwaachia kabatini, rafu ya chini, nadhani mmeweka risiti juu yake.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Mwambieni huyo kijana aliyeitengeneza programu aifanye simu inyamaze wakati mwingine. Mtu abonyeze "uza", asubiri, kesho asubiri tena. Atalalamika. Mwacheni alalamike angali kwenye mazoezi.

Kuhusu hisa za mwalimu, bado ninazo. Mimi niliyewafundisha watu wa wilaya mbili kutawanya, kadi yangu nyeupe ina kampuni moja. Bei ilirudi juu, kama wanavyosema wote kwamba itarudi. Sijaziuza.

Na nyumba, kwa kuwa akiba ya bati ndiyo iliyonunua hisa zile, ilibidi ingoje. Nilikaa kwenye chumba cha kupanga mwaka mmoja zaidi, kuta zikanyeshewa masika yote, kisha nikaezeka. Hakikuharibika kitu.